Amri Niliyoimeza Mtoni Malagarasi

Gungu,
Kigoma.
12 Julai 2025

Mpendwa Shangazi Honorata,

Shikamoo Shangazi.

Najua barua huanza kwa kuulizana hali, lakini nikianzia huko nitazunguka mpaka karatasi iishe, unanijua. Kwa hiyo naanza na lile zito. Mama alianguka mtoni Malagarasi siku ya Sabasaba kwa sababu yangu. Si kwa sababu ya shemeji Erasto. Erasto alitoa amri, mimi nilipaswa kuifikisha kwa mama, niliisikia vizuri, na nikaimeza. Sijamwambia mtu yeyote. Hata dada Rozalia, ambaye tunalala naye kitanda kimoja, hajui.

Sasa nikuulize hali. Mgongo unaendeleaje? Baba Leodgar presha imetulia, au bado anaficha chumvi chini ya meza? Sisi huku miili ni mizima. Kikohozi alichotoka nacho mama mtoni kimekwisha. Barua hii anakuletea Mama Hasna, jirani yetu, anakuja Tanga kumwona binti yake aliyejifungua. Nimempa na dagaa wa Katonga, ni wa juzi, wamekauka vizuri. Wakifika tu, watoe kwenye mfuko wapate hewa.

Nimeandika kwa sababu siwezi kupiga. Simu ni ya mama, na siku hizi baba mdogo Adolf akija anaichukua na kuipekua, anasema anaangalia salio. Tena sauti yangu kwenye simu unaijua. Unauliza mara tatu, "Vene, upo?"

Najua ile video umeiona. Ukoo mzima umeiona, kwa sababu baba mdogo aliirusha kwenye grupu la ukoo kabla hata nguo za mama hazijakauka. Aliandika chini yake, "Mama mkwe kapokelewa kwa mikono miwili," akaweka na vile vikatuni vinavyolia kwa kicheko. Shangazi, nimekasirika mpaka masikio yanawaka. Sijawahi kukasirika hivi. Nilifikiri hasira ni ya watu wenye sauti.

Video inaanza katikati. Ngoja nikupe mwanzo wake.

Unafahamu kwamba Erasto, mchumba wa Rozalia, anafanya kazi na kampuni moja ndogo inayoteremsha watu mtoni kwa maboti ya mpira, yale ya kujazwa upepo. Wana safari ya familia. Wanachagua kipande cha mto kilicho kipole, chenye sehemu tatu tu za maji ya kasi kati ya mawe, na hata mtoto wa miaka minane anaruhusiwa. Kila mtu anavaa jaketi la kuokolea na kofia ngumu, anapewa kafi lake, na mwongozaji anakaa nyuma kabisa akitoa amri. Boti zima linategemea sauti yake.

Baba mdogo ndiye aliyetaka twende. Tangu baba afariki yeye ndiye msemaji wetu, na alisema hatumpi mtu binti kabla hatujaona anavyochuma riziki yake. Erasto akaomba kazini kwake, akapewa boti moja kwa ajili yetu siku ya Sabasaba. Tulikwenda mimi, mama, Rozalia, baba mdogo na Wema wake, ambaye sasa ana miaka tisa na hafungi mdomo.

Tatizo la ukwe Erasto aliliona mapema kuliko sisi wote. Unakumbuka anavyomheshimu mama. Akija nyumbani anakaa kiti cha mlangoni, na chakula mama anampitishia mikononi mwangu. Mwezi wa tano walikutana ana kwa ana kwenye uchochoro wa soko la Mwanga, Erasto akakwepea duka la karibu na akatoka na ungo asiouhitaji. Ungo huo alimletea Rozalia, ndio tunaopepetea mpaka leo. Sasa mtu wa namna hiyo atampigiaje mama kelele? Atamshikaje?

Kwa hiyo alikuwa amepanga mwenzake, Wilfred, ndiye atuongoze, na yeye atangulie kwenye kiboti cha mtu mmoja, kile kinachokaa pale maji ya kasi yanapoishia kusubiri atakayeanguka. Baba mdogo akakataa pale pale ukingoni.

"Tumetoka Kigoma alfajiri kuja kumtazama Wilfred? Wilfred ndiye anayeoa kwetu?"

Erasto akasema taratibu, macho chini, "Mzee, ndani ya boti mwongozaji lazima apige kelele. Na mtu akianguka lazima amshike. Na mama yupo."

"Basi usimwangushe," baba mdogo akajibu, akacheka peke yake. Ikabidi wabadilishane, Wilfred akachukua kiboti na Erasto akawa mwongozaji wetu.

Mama alitaka kubaki na vyombo vya chakula. Hilo nalo likakataliwa. "Shemeji, wewe mzaliwa wa Ujiji unaogopa maji? Ukibaki hapa watasema umemkataa mkwe." Mama haogopi maji, anaogopa kusemwa. Akaingia. Alikuwa amevaa suruali yangu ya michezo ya shule, na juu yake akafunga kitenge. Erasto akaniambia, "Shemeji, mwambie mama kitenge kitamsumbua akiingia majini." Nikamwambia. Mama akanikazia macho. "Nivue kitenge mbele ya mkwe? Wewe mtoto una akili?" Hilo niliweza kulifikisha, Shangazi. Niliweza kwa sababu lilisemwa kwa kunong'ona.

Kisha Erasto akaniita pembeni penye lundo la makafi. Maneno yake nayakumbuka yote. "Vene, mimi mama siwezi kumwamuru. Nitakuita wewe kwa jina. Ukisikia 'Vene,' wewe piga kelele, 'Mama, chini!' Akishasikia chini, ashuke kutoka ukingoni akae ndani ya boti ashike kamba. Hiyo tu. Wewe ndiye mdomo wangu. Utaweza?"

Nikasema nitaweza. Hakuna aliyetusikia. Rozalia alikuwa anamfunga Wema jaketi.

Tulifanya mazoezi mahali maji yametulia. Baba mdogo na Rozalia mbele, mimi na mama katikati, Wema nyuma karibu na Erasto. Erasto akasema, "Vene." Nami nikapaza sauti, kweli nilipaza, "Mama, chini!" Mama akashuka vizuri kabisa. Baba mdogo akageuka.

"Aa! Tumepata mkalimani! Kwani shemeji hajui Kiswahili?" Kisha akaniangalia mimi. "Binti anafokea wakubwa kama kondakta wa basi. Na wewe tutakuoza kwa nani?"

Wote wakacheka. Mama naye alicheka kidogo, simlaumu, alikuwa na wasiwasi. Ila mimi niliinama nikajifanya nakaza jaketi.

Sehemu ya kwanza ya maji ya kasi nilisema "Mama, chini" kwa sauti ya kanisani, na kwa kuwa nilikuwa karibu naye akasikia. Boti likaruka, maji yakatupiga usoni, Wema akapiga makelele, "Tena! Tena!" Na mama alicheka, Shangazi. Alicheka kwa nguvu na kichwa kimeinuka, kicheko ambacho sijakisikia tangu tumzike baba. Sehemu ya pili vilevile. Nakuandikia hili ili ujue kwamba safari ilikuwa nzuri, na Erasto anaijua kazi yake. Alikuwa anausoma mto kama mtu anayepita njia ya kwao.

Sehemu ya tatu baba mdogo aliacha kupiga kafi. Alikuwa amechomoa simu kwenye kimfuko chake cha plastiki, akapiga magoti kutugeukia sisi wa nyuma ili aturekodi. Erasto akamwita, "Mzee, kafi! Mzee, tafadhali!" Kule mbele akabaki Rozalia peke yake anayevuta, boti likaanza kwenda ubavu. Jiwe nililiona. Erasto akaita, "Vene!" Halafu tena, "Vene!"

Nilifungua mdomo. Simu ilikuwa inanitazama usoni, na nyuma ya simu baba mdogo alikuwa ameshaanza kutabasamu, anasubiri kondakta aseme. Nikafunga mdomo.

Boti likagonga. Mama alikuwa bado ameketi ukingoni. Akaenda kinyumenyume bila hata kupiga ukelele.

Wilfred na kiboti chake alikuwa mbele kabisa, mawe yanapoishia, asingeweza kupanda dhidi ya maji. Erasto alinyoosha kafi, akampa mama mpini wake, mama akaudaka. Unaona? Hata pale alitafuta njia ya kutomgusa. Akamvuta mpaka ubavuni mwa boti, kisha akaniambia, "Vene, mvute mama!" Na mimi, Shangazi, nilikuwa nimeshika kamba kwa mikono yote miwili na vidole havikufunguka. Kitenge kilikuwa kimemzunguka miguu, maji yanamvuta chini ya boti. Erasto akamtazama mama. Akasema, "Mama, nisamehe." Akamshika mabega ya jaketi kwa mikono miwili, akajitupa chali ndani ya boti.

Ndivyo wanavyofundishwa. Wilfred alituonyesha asubuhi, nasi tukacheka. Mvutaji analala chali ili uzito wake umtoe yule aliye majini, na anayeokolewa lazima amwangukie juu. Hakuna njia nyingine. Basi mama alimwangukia mkwe wake kifua kwa kifua, kitenge kimechukuliwa na maji, ndani ya suruali ya shule. Hapo ndipo simu ya baba mdogo ilipoona vizuri kuliko wakati wote.

Ukingoni mama alijifunika uso kwa viganja. Erasto alivua shati lake la kazini lililokuwa ndani ya jaketi, hakumpa mtu, akaliweka juu ya jiwe na kuondoka mbali. Nikalichukua nikamfunga mama kiunoni. Ndivyo alivyorudi Gungu.

Sasa sikiliza yanayonichemsha. Mchana ile video ilikuwa kichekesho. Jioni wazee wa Simbo walipoandika kwenye grupu kwamba hiyo ni aibu kubwa, baba mdogo akageuka kama kinyonga. Mtu aliyecheka akawa mtu aliyekasirika. Alhamisi kikafanyika kikao kwetu, akaja na Mzee Dismasi kutoka Simbo, yule binamu mkubwa wa marehemu babu. Erasto alikaa kwenye mkeka, sisi wanawake tukakaa mlango wa jikoni.

Baba mdogo akauliza, "Kijana, kazi yako ni kutoa amri. Watu wote tuliokuwemo tumesikia ukiniita mimi, tumekusikia ukimwita mtoto huyu. Mama mkwe wako ulimwambia akae chini?"

Erasto akasema, "Hapana, mzee. Mama sikumwambia."

"Umekiri?"

"Sikumwambia, mzee."

Ni kweli, hakumwambia. Aliniambia mimi. Angesema hivyo, yangekwisha. Hakusema, na hakuinua macho kuangalia jikoni nilikokaa. Mzee Dismasi akatikisa kichwa, akauliza kama kijana anaweza kutoa mbuzi wa kusafisha aibu, yaishe. Baba mdogo akadakia kwamba mbuzi hatoshi, mtu aliyeshindwa kumlinda mama mkwe kwa mdomo akaja kumkumbatia kwa mikono hafai kuoa kwetu. Wakaahirisha. Kikao cha mwisho ni Jumamosi tarehe 26, saa nne asubuhi, Simbo kwa Mzee Dismasi, na baba mdogo ameshatangaza atakachosema. Atauvunja uchumba.

Rozalia hali chakula. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba ameanza kuamini. Juzi usiku aliniambia, "Alikuwa na kazi moja tu, Vene. Kusema 'mama kaa chini.' Maneno matatu." Nami nikageukia ukutani nikajifanya nimelala. Nani mwoga kuliko mimi?

Nimemkasirikia baba mdogo, aliyeacha kafi akashika simu, na leo yeye ndiye hakimu. Nimeikasirikia ile simu. Nimewakasirikia wazee wanaojua ukwe unakataza mkono lakini hawajui mto unavuta miguu. Wangetaka Erasto akunje mikono kwa adabu mpaka mama afike ziwani? Nimemkasirikia hata Erasto mwenyewe. Nani alimtuma anifiche? Ananihurumia kama mtoto, na huruma yake inamgharimu mke. Lakini nikiwamaliza wote hao, Shangazi, nabaki mimi na mdomo wangu uliofungwa, na hapo hasira haina pa kwenda.

Nilitaka kumwambia mama kwanza. Nikaacha, kwa sababu najua atakachofanya. Ataniambia ninyamaze ili baba mdogo asinile, halafu aibu yote aibebe yeye. Ameshaanza. Hatoki, hata kanisani hakwenda katikati ya wiki. Lile shati la Erasto amelifua, akalipiga pasi, akalikunja, akaliweka juu ya kiti sebuleni. Jana nikamkuta analipiga pasi tena. Baba mdogo alipokuja akauliza, "Shati la nani hili?" Mama akajibu, "La mwenyewe," bila kuinua kichwa. Hana wa kumtuma alirudishe, na kulificha hataki. Mimi naona mama ana neno, ila desturi haimpi pa kulisemea.

Jana mchana nilitumwa Katonga kununua hao dagaa wako. Nilipita mpaka mwisho wa mwalo, penye upepo, nikasimama nikitazama ziwa. Nikavuta pumzi nikapiga kelele, "Mama, chini!" Ya kwanza ilitoka ndogo. Ya pili ilitoka yote, Shangazi, sikujua kama ninayo. Wanawake waliokuwa wanaanika dagaa huko nyuma, mbali kabisa, wakageuka wote. Bibi mmoja mnene akajilaza kifudifudi kwenye mchanga, akaniita, "Haya tuko chini, mwanangu! Kuna nini?" Wenzake wakaangua kicheko. Ajabu ni kwamba sikuona aibu. Nilicheka nao, kisha nikalia, kisha nikanunua dagaa.

Kwa hiyo nimeamua. Tarehe 26 nitakwenda Simbo na lile shati mkononi. Nitasimama mbele ya Mzee Dismasi na kusema nilichokwambia wewe mwanzoni mwa barua hii, kwa maneno yale yale. Baba mdogo atasema mtoto wa kike hana neno kwenye kikao. Hapo ndipo ninapokuhitaji. Najua kabla ya kufunga jambo la ndoa lazima wakupigie simu wewe, shangazi wa binti, wakuombe neno lako. Wakikupigia, naomba useme hivi tu: "Vene asikilizwe." Usieleze kwa nini.

Niliwahi kufikiri nikuombe uwaambie wewe. Ungesema vizuri kuliko mimi, nao wangekusikiliza. Lakini hiyo ingekuwa amri nyingine niliyopewa mimi na nikaacha mtu mwingine aibebe. Tena baba mdogo angesema wanawake wamepanga.

Nisalimie Baba Leodgar, mwambie aache chumvi. Wasalimie Leodgar na Happiness, na yule mtoto wa Happiness ambaye sijamwona bado. Mama angekusalimu kama angejua ninaandika. Wema anakusalimu bila kujua, maana kila siku anauliza tutarudi lini mtoni. Mungu akulinde na akupe usingizi usio na maumivu ya mgongo, na kikombe chako kisipungue.

Hadi Jumamosi ile saa nne, Shangazi, nakuomba nilichokwambia kisitoke kwako. Usimwambie Baba Leodgar, usimpigie mama, usimdokeze Rozalia hata akikulilia kwenye simu. Ukishaisoma barua hii ichome jikoni. Nifichie siku hizi kumi na nne tu, ili watu wote waisikie kwanza kutoka mdomoni kwangu.

Ni mimi mwanao nikupendaye, wa Gungu,

Veneranda